Mallye, Aliyemwonjea Mumewe

Kijijini kwetu, ng'ambo ya ghuba ya Tongyeong, ukitaja ulimi wa Mallye watu wanakumbuka mambo mawili. La kwanza ni maneno yake, maana mwanamke huyo akikufungulia mdomo utajuta kwa nini ulipita mlangoni kwake. La pili ni kuonja. Hapakuwa na arusi, msiba wala siku ya kutia kabichi pilipili ambapo hakuitwa. Atakuja, atachovya kidole kwenye beseni, atakilamba, atatazama juu kidogo, kisha atasema, "Chumvi bado," au, "Mmeshaharibu, haya leteni figili nyingine." Wakifanya alivyosema, chakula kinakaa sawa. Wasipofanya, watamsikia mpaka mwaka unaofuata.

Aliolewa akiwa msichana na Ok Dalmun, mvuta kamba wanazofugiwa chaza baharini, mtu mrefu, mpole, aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Mallye mwenyewe akaingia bandani na wanawake wenzake kufungua chaza. Kazi hiyo ni ya kusimama tangu alfajiri, mabuti ya mpira miguuni, kisu kifupi mkononi, na maji ya chumvi yanayochoma kila mkwaruzo. Vidole vyake vilipinda na havikunyooka tena. Jioni akirudi alipika, na wakati wa kuonja mchuzi sauti ya Dalmun ilitoka chumbani, kila siku ya Mungu, "Chumvi ikoje, Mama Gilsu?" Naye alijibu, "Inakungoja wewe tu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao. Sikuwahi kusikia kwamba walikuwa na maneno mengine.

Chaza walikula wabichi, kama sisi sote. Mtoto wa hapa huwekewa chaza ulimini kabla meno hayajatimia, na mzee hula mpaka meno yaishe. Anayepika chaza mzuri wa msimu tunamwona kama mgeni, au mgonjwa. Dalmun alikuwa akisema chaza aliyechemshwa ni sawa na kutafuna kandambili.

Basi, mwishoni mwa kiangazi kimoja, Dalmun akiwa amekula chumvi nyingi, ameshavuka themanini, akaugua tumbo. Walikula wote sahani moja ya samaki wabichi. Mallye aliamka mzima. Mwana wao Gilsu na mkewe Heeran, waliokuja kuwatembelea, nao waliamka wazima. Dalmun peke yake ndiye aliyetapika na kuhara mpaka akaishiwa nguvu, akapelekwa hospitali ya mjini akatundikiwa maji. Alirudi nyumbani suruali zinamvuka.

Muuguzi Bang, binti wa zahanati yetu, alikuja kumtazama. Alikaa sakafuni, akakubali kikombe cha maji ya shayiri, kisha akasema, "Bibi, babu asile kitu kibichi tena. Kila kitu kipikwe. Hasa chaza."

"Ala!" Mallye akaruka. "Tumbo hili limekula chaza kabla mama yako hajazaliwa! Leo ndiyo limekuwa la mjini?"

"Si la mjini, bibi. Limezeeka."

"Tumbo linazeekaje? Lina mvi?"

Dalmun akacheka mpaka akakohoa. Muuguzi Bang naye akacheka, lakini hakulegeza. "Tumbo na utumbo si mfuko wa kutilia chakula tu. Ukutani mwake mna walinzi. Wengine kazi yao ni kuchukua kionjo cha kila kinachopita, wakipeleke ndani kwa askari, waseme, huyu mwema, huyu adui. Mtu akizeeka, hao waonjaji hupungua. Adui anapita, na habari haifiki. Ikifika, askari nao wanaamka polepole, wanatafuta silaha zilipo."

"Kwa hiyo wangu hawasikii vizuri," alisema Dalmun, ambaye masikio yake yalikuwa na shida ya kweli.

"Ndiyo, babu. Kama wewe."

"Na wangu mimi?" Mallye akauliza.

"Wako nao wameanza kupiga miayo, bibi. Tofauti ni miaka tu."

Muuguzi alipoondoka, Mallye aliosha kikombe chake kwa kelele nyingi. Alikuwa amekasirika, lakini pia alikuwa ameogopa, na kwake yeye hivyo viwili hufanana. Neno moja tu ndilo lililobaki kichwani mwake, nalo ni waonjaji. Hilo alilielewa. Kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote wa ghuba hii. Akaingia chumbani, akasimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Sikia, mzee. Kama waonjaji wako wamechoka, mimi nipo. Hakuna kitu kitakachoingia kinywani mwako kabla hakijapita kwangu."

"Si ndivyo ilivyokuwa siku zote?" Dalmun akajibu.

Na akafanya hivyo, haki ya nani! Uji wa mchele aliupika mpaka ukawa kama gundi, akala kijiko yeye kwanza, akakaa kando ya kitanda akisikiliza tumbo lake, kisha ndipo akamlisha. Samaki alimchemsha, akamwonja, akangoja. Tofu, akaionja, akangoja. Vuli ikapita na Dalmun hakuugua tena. Mallye akatembea kijijini kifua mbele. Jeomsun, shoga yake wa bandani, alipomuuliza hali ya mgonjwa, alimjibu, "Yuko salama. Ana mlinzi macho mawili."

Aliyemponya vuli ile alikuwa moto wa jiko. Lakini nani angemwambia Mallye?

Shida ilikuwa moja. Dalmun hakuwa anakula. Uji ulimchosha. Alikuwa akishika kijiko, anautazama, anakirudisha. Mashavu yakaingia ndani, mgongo ukawa mifupa mitupu, na wakati wa kumwogesha Mallye aligeuza uso mumewe asimwone analia. Mtu aliyekuwa akila mabakuli mawili ya wali na kuomba ukoko! Akipika mchuzi, sauti ya chumbani haikuuliza tena chumvi ikoje. Nyumba ile ilikuwa kimya, na kimya kile kilimla Mallye moyo kuliko ugonjwa wenyewe.

"Kula basi, mzee wangu. Vijiko vichache tu."

"Huu uji hauna mtu ndani, Mama Gilsu."

"Maana yake nini?"

"Sijui. Nakula, lakini sipo."

Baridi ikaanza na msimu wa chaza ukafunguka. Mwaka ule maofisa walipima maji ya ghuba, wakaamuru mifuko yote ya bandani ibandikwe karatasi ya kusema chaza hawa ni wa kupikwa. Wanawake wakabandika, wakicheka. Karatasi zile, kwa mawazo yetu, zilikuwa za watu wa Seoul, ambao matumbo yao yamelelewa kwa maziwa ya pakiti. Sisi ndoo ya nyumbani tulijaza kama kawaida, kutoka mkondo uleule. Hata Mallye alibandika karatasi hizo mchana kutwa, vidole vimejaa gundi, kisha akabeba ndoo yake.

Ikafika siku ya kabichi. Hii ndiyo siku ambayo kila nyumba hutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, ya baridi nzima, na haifanywi na mtu mmoja. Kabichi zilishalala kwenye maji ya chumvi, zikasuuzwa, zikachuja. Uani wakaketi Mallye, Jeomsun na Heeran aliyekuja kutoka Busan na mumewe, wote na glavu za mpira mpaka viwikoni, katikati yao beseni jekundu la pilipili, vitunguu saumu, uduvi uliochacha na figili. Nyama ya nguruwe ilikuwa inachemka jikoni. Gilsu alikuwa anabeba mitungi, anatukanwa kwa kuiweka vibaya.

Mallye akaonja beseni. "Bado chumvi."

Heeran akaonja baada yake, akakunja uso kidogo. "Mama, mbona naona imezidi?"

"Wewe ulimi wako umeharibiwa na vyakula vya kuagiza kwa simu," akasema Mallye, akaongeza uduvi. Jeomsun alicheka. Hakuna aliyelitilia maanani.

Dalmun walimtoa nje akae juani, amefungwa blanketi, kofia ya sufu imemfika nyusi. Alikuwa akitazama mikono ya wanawake. Harufu ilikuwa imemfikia, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi Mallye akaona koo la mumewe linapanda na kushuka.

Sasa, kuna desturi yetu siku hiyo. Anayekoroga beseni huchuna jani changa la ndani, akalifungia kijiko cha pilipili na chaza mmoja mbichi, akalisha kwa mkono. Wa kwanza kulishwa ni mkubwa wa nyumba. Asipolishwa yeye, kabichi za mwaka ule zina mikosi, au ndivyo wanavyosema. Miaka yote jani la kwanza la Mallye lilikuwa la Dalmun.

Mallye akalifunga jani. Mkono ukasimama hewani.

"Mama Gilsu," Dalmun akasema, sauti ndogo. "Chumvi ikoje?"

Jamani, tangu kiangazi Mallye alikuwa anangoja swali hilo! Machozi yakamjaa, akasingizia pilipili. Akaangalia jikoni. Heeran alikuwa ameingia kuitazama nyama, Jeomsun amemgeuzia mgongo akisuuza mtungi, Gilsu yuko barabarani kwenye gari. Mallye akala lile jani yeye mwenyewe. Akalitafuna polepole, macho juu. Chaza alikuwa mtamu, baridi, bahari tupu. Akaendelea na kazi, akapaka kabichi moja, akapaka nyingine, akazipanga zikajaza mtungi, na muda wote alikuwa analisikiliza tumbo lake. Tumbo lilikuwa kimya kabisa. Akasema moyoni, waonjaji wangu wamempitisha.

Akafunga jani la pili, akainuka kwa kushika goti, akamwendea.

"Inakungoja wewe tu," akamwambia, akamtia kinywani.

Dalmun alifumba macho, akatafuna kwa fizi muda mrefu. Rangi ilimrudi mashavuni. Akafungua mdomo tena, kama kifaranga, naye akampa jingine. Adhuhuri ile Dalmun aliomba wali, akaumaliza. Heeran akashangaa, "Baba leo amekula!" Mallye akajibu, "Nyama ya nguruwe hiyo," akatazama pembeni. Siku ile alikuwa na furaha ambayo hajaipata tena.

Kesho yake haikutokea kitu. Siku iliyofuata tumbo la Mallye likachafuka, akaenda chooni akarudi, akaenda akarudi. Jeomsun akampigia simu kwamba naye anatapika. Heeran vilevile, huko Busan, maana wao nao walilishwa majani yao mchana ule. Wote walilala chini siku moja, wakanywa maji ya mchele, wakaamka na njaa.

Dalmun hakuamka. Alitapika mpaka hakukuwa na kitu, akahara kwenye nguo, akamwomba mkewe radhi kwa nguo. Safari moja, akitapika, akapaliwa, yale matapishi yakaingia kifuani. Gari la wagonjwa lilipomfikisha mjini alikuwa anapumua kwa kukoroma, na midomo imepasuka kwa ukavu.

Daktari, kijana wa miwani, alitaka kujua amekula nini. Gilsu akamtazama mama yake. Mallye akafungua kinywa.

"Niliiba," Dalmun akasema kutoka kitandani.

Wote wakageuka. Alikuwa hajazungumza tangu asubuhi. "Chaza. Wanawake walikuwa wameinamia kabichi. Nikachota kiganja kizima, nikameza." Akajaribu kucheka. "Mzee mroho, daktari."

"Baba!" Gilsu akashika kichwa. "Baba, si ulikatazwa?"

Chini ya shuka mkono wa Dalmun uliutafuta mkono wa Mallye, ukaubana. Haukuwa na nguvu ya kubana yai, lakini Mallye alielewa anaambiwa nini. Na ulimi ule, ulimi uliozima magomvi na kuwasha mengine, ukashindwa kunyanyuka.

Walipobaki wawili alimwinamia sikioni. "Kwa nini umesema hivyo, wewe mzee mjinga?"

"Wewe una miaka mingine ya kuishi na watoto na majirani," akasema. Akapumzika. "Na tumbo lako? Limepona?"

"Limepona."

"Afadhali." Akafumba macho. "Chumvi ilizidi kidogo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Mapafu yalijaa, na mwili uliokuwa umekonda vile haukuwa na cha kupigania. Akakata roho mchana, Mallye akiwa amemshika mguu, maana mikono yote ilikuwa na mipira.

Msibani watu walilia, kisha wakanywa, na walipokunywa wakaanza kutania kama desturi. Dalho, mdogo wake marehemu, akasema kaka yake amekufa kifo cha paka, kichwa ndani ya ndoo ya chaza. Wakacheka huku wanafuta machozi. Mallye, na nguo zake za katani za msiba, aliketi pembeni akasikiliza mume wake, mtu aliyekuwa akimwachia mkewe mnofu yeye akala kichwa cha samaki, akigeuzwa mwizi mroho. Alinyamaza msibani, akanyamaza na nyumbani.

Muuguzi Bang alikuja kumpa pole baada ya wiki chache. Mallye alikuwa amekaa kizingitini, hajachana nywele.

"Binti yangu, nikuulize," akasema. "Mtu akila kitu kwanza, akangoja, akaona tumbo lake kimya. Hiyo si dalili?"

Muuguzi akaketi kando yake. "Hapana, bibi. Ugonjwa ule hujificha siku nzima, hata mbili, kabla haujaonekana. Na hata usingejificha..." Akamshika mkono. "Walinzi wa tumbo lako wanakulinda wewe. Hawawezi kumlindia mwenzako, hata ukimpenda vipi."

Nadhani yule binti alielewa yote siku ile. Hakumwambia mtu.

Ile kimchi ya mwaka ule Mallye hakuigusa. Heeran alikuja akaichukua yote, na alipoionja mjini alishindwa kuila kwa chumvi. Hakumwambia mama mkwe. Kijijini nako tukaacha kumwita Mallye mabesenini. Tulisema tunamwachia apumzike na huzuni yake, lakini ukweli ni kwamba alichogusa hakikulika. Ulimi nao ulikuwa umezeeka, ulishaanza kuzeeka tangu siku ya kabichi na kabla yake. Hilo yeye hakulijua.

Mwaka ukazunguka, ikafika siku ya kumwandalia marehemu meza yake ya kwanza ya chakula cha kumbukumbu. Familia ilikusanyika jioni. Gilsu alipanga picha ya baba yake, mishumaa, wali, mchuzi, matunda, samaki wa kukaanga ameelekezwa kichwa mashariki. Dalho alikuwa ameshika chupa ya pombe ya mchele tayari kumimina.

"Kaka leo atakula bila kuiba," akasema, na watu wakaguna kwa kicheko.

Hapo Mallye akatoka jikoni na bakuli. Ndani yake mlikuwa na chaza. Alikuwa amewachemsha tangu mchana, wamesinyaa, wamekuwa vidonge vigumu vya kijivu.

"Mama," Gilsu akasema taratibu, "baba chaza waliopikwa hakuwapenda hata kidogo. Kwa leo si tungemwekea wabichi? Watamdhuru nini sasa?"

Mallye hakumjibu. Akasimama mbele ya meza, mbele ya picha, akachukua chaza mmoja kwa vidole vyake vilivyopinda, akamtia kinywani mwake.

"Ala!" Dalho akapiga kelele. "Shemeji! Chakula cha marehemu hakionjwi! Una wazimu? Unamtangulia maiti kula?"

Kweli ni mwiko kwetu. Meza ile haionjwi, hata chumvi hukadiriwa kwa macho, mpaka wafu washibe. Hata mtoto mdogo anaujua. Chumba kizima kikamkodolea macho, naye akaendelea kutafuna, kwa shida, akameza.

"Huyu wangu huonjewa," akasema. "Na hakuiba. Sikia, Dalho, sikieni wote. Ndugu yako hakuiba maisha yake yote. Mimi nilionja kwanza, nikaona salama, nikamlisha. Kwa mkono huu. Alifungua mdomo akaniamini."

Dalho aliishusha chupa. Heeran alishika mdomo. Gilsu alikuwa amepiga magoti mbele ya mishumaa, na alibaki hivyohivyo, mabega yanatikisika, bila sauti. Kisha akamsogelea mama yake kwa magoti, akamtazama kutoka chini kama alivyomtazama alipokuwa mdogo wa kuning'inia aproni. Nadhani alitaka kumpa neno lolote la kumshika, na neno alilolipata lilikuwa la baba yake.

"Chumvi ikoje, mama?"

Mallye akatazama juu kidogo, kama kawaida yake. Akangoja. Akalamba midomo, akangoja tena, na uso wake ukaanza kuvunjika.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Siisikii."

Heeran akampokea bakuli mkononi, akaliweka mezani, karibu na kijiko cha mzee.